Mwendo, Subira na Hadhira: Upokezi wa Filamu ya Sergio Leone "C'era una volta il West", 1968–1984

Utangulizi

Mhakiki anaposema kuwa kazi fulani inakokota, aghalabu hudhani kuwa ameitaja sifa iliyomo katika kazi yenyewe, mithili ya fundi anayetaja urefu wa nguo baada ya kuipima. Msimamo huu umezoeleka katika uhakiki wa riwaya na tamthilia, na mara nyingi umetumiwa kuzihukumu tungo ndefu za masimulizi. Makala haya yanauchunguza msimamo huo kwa kurejelea tukio moja la kihistoria, nalo ni namna hadhira za nchi mbalimbali zilivyoipokea filamu ya mwongozaji Mwitalia Sergio Leone, "C'era una volta il West", iliyoanza kuonyeshwa nchini Italia mnamo Desemba 1968.

Filamu hiyo ni ya kauboi, bunduki na kisasi. Hata hivyo, mwendo wake ni wa polepole mno na mtindo wake ni wa madoido. Ilipofika katika nchi nyingine mwaka 1969 iligawanya hadhira. Nchini Marekani haikufanikiwa, ilhali nchini Ufaransa na Ujerumani Magharibi ilipendwa kiasi cha kuingia katika orodha ya filamu zilizotazamwa zaidi katika historia ya nchi hizo. Kwa mwanafunzi wa fasihi, tukio hili lina manufaa ya pekee. Ni nadra kupata ushahidi thabiti wa jinsi wasomaji wa wakati fulani walivyoupokea utungo, lakini katika sinema tiketi huhesabiwa, dakika hupimwa, na matoleo yaliyokatwa yanaweza kulinganishwa na yale kamili.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwendo wa masimulizi hauwi wa haraka au wa polepole kwa saa pekee. Mwendo ni mkataba kati ya msimulizi na hadhira. Mkataba huo ukieleweka, kungoja huwa sehemu ya utamu wa kisa. Usipoeleweka, hata kisa kifupi huchosha. Aidha, anayeifupisha kazi bila kuuelewa mkataba huo huweza kuikata mishipa yake na kuuacha uzito wake palepale.

Ujenzi wa Kungoja

Onyesho la kwanza la filamu latosha kuubainisha mtindo wake. Watu watatu waliovaa makoti marefu wanafika katika stesheni ya reli iliyo jangwani, wanamfungia ndani mzee anayeiangalia, kisha wanaingoja garimoshi. Kwa zaidi ya dakika kumi hakuna jambo jingine linalotendeka. Mmoja, anayeigizwa na Woody Strode, anasimama chini ya tangi la maji. Matone yanamwangukia kichwani, naye anavaa kofia na kuyaacha yajikusanye juu yake. Wa pili, anayeigizwa na Jack Elam, anasumbuliwa na nzi usoni mpaka anamnasa ndani ya mtutu wa bastola. Wa tatu, Al Mulock, anavialisha vidole vyake. Hakuna muziki. Kuna mlio wa kinu cha upepo kisichotiwa mafuta, matone, na nzi. Garimoshi linafika na hakuna abiria anayeonekana kushuka. Watu hao wanageuka waondoke, ndipo sauti ya kinanda cha mdomo inaposikika upande wa pili wa reli. Mapigano yenyewe yanakwisha kwa sekunde chache.

Gérard Genette, katika uchunguzi wake wa masimulizi uliochapishwa mwaka 1972, alitofautisha muda wa kisa na muda wa usimulizi. Kwa kawaida sinema ya mapigano huufupisha muda wa kisa ili kuyafikia mapigano. Leone aligeuza utaratibu huo. Muda wa kungoja, ambao wengine wangeupitia kwa picha moja, yeye aliusimulia kikamilifu. Na mapigano, ambayo wengine wangeyarefusha, aliyamaliza kwa kufumba na kufumbua. Kwa hivyo taharuki haitokani na swali la nani atashinda pekee, bali na swali la lini.

Utaratibu huohuo unakitawala kisa kizima. Mhusika mwenye kinanda, anayeigizwa na Charles Bronson, anamfuatia muuaji aitwaye Frank, lakini sababu haitajwi. Mara kwa mara kumbukumbu yake inaonyeshwa kwa ufupi: umbo la mtu lenye ukungu linakuja kutoka mbali, na kila linaporudi hubainika zaidi. Sura inatambulika tu katika pambano la mwisho, ambapo hadhira inaonyeshwa kijana aliyembeba kakake mabegani huku kitanzi kikiwa shingoni mwa kaka huyo, naye Frank akimtia kijana kinanda mdomoni. Umbo lile linalokuja polepole ndilo mfano wa filamu yenyewe. Anayelitaka lije upesi atakuwa amekiondoa kisa chenyewe.

Muziki nao ulishiriki katika ujenzi huo. Ennio Morricone alitunga sehemu kubwa ya muziki kabla ya picha kupigwa, na muziki huo ulichezwa wakati waigizaji walipokuwa wakiigiza. Hatua za wahusika na mizunguko ya kamera zikafuata mapigo ya ala. Leone mwenyewe alieleza kuwa alikusudia mwendo wa filamu ufanane na pumzi za mwisho za mtu anayekata roho. Kauli hiyo inaafiki dhamira. Filamu inahusu kufika kwa reli na mtaji wake, pamoja na kutoweka kwa watu wa bunduki ambao hawatakuwa na kazi tena reli itakapopita. Upole wa mwendo, basi, si pambo lililoongezwa juu ya maudhui. Ni fani inayoyabeba maudhui ya kufa kwa zama.

Jina Kama Mkataba

Jina la Kiitalia la filamu ni fomula ya kufungulia ngano. Kwa Kiswahili lingekuwa na maana ya "Hapo zamani za kale palikuwa na Magharibi". Yafaa kuzingatia kuwa katika Kiitalia Magharibi ndiyo inayosimuliwa, kama vile ngano isemavyo kuwa palikuwa na mfalme. Katika jina la Kiingereza, "Once Upon a Time in the West", na katika lile la Kifaransa pia, Magharibi imekuwa mahali tu ambapo kisa kilitokea. Hata hivyo, fomula yenyewe imebaki katika lugha zote tatu.

Wanaoijua fasihi simulizi wanafahamu kazi ya fomula kama hizo. Mtambaji anaposema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", pande mbili zimekubaliana kuwa saa ya kawaida imewekwa kando. Hakuna msikilizaji atakayelalamika kuwa zimwi limerudia wimbo wake mara tatu, kwa kuwa marudio hayo ndiyo aliyoyajia. Hali kadhalika, msikilizaji wa utendi hamlaumu mtunzi anapotanguliza kumtaja Mungu, kumsalia Mtume na kuagiza wino na karatasi kabla ya kukifikia kisa. Mtu aliyezoea riwaya ya upelelezi akikabidhiwa utendi huo bila maelezo angeweza kuiona dibaji hiyo kuwa kikwazo. Utungo ni uleule. Kilichobadilika ni matarajio.

Wazo hili lilipewa nguvu ya kinadharia na Hans Robert Jauss, ambaye katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz alidai kuwa historia ya fasihi haina budi kuzingatia upeo wa matarajio ya wapokezi. Kazi mpya hupimwa dhidi ya upeo huo. Ikiukiuka, yaweza kukataliwa kwa muda, na upeo wenyewe ukahitaji kubadilika kabla kazi hiyo haijasomeka. Filamu ya Leone, iliyotoka mwaka mmoja tu baada ya mhadhara huo, ni kielelezo chake kizuri.

Upokezi wa Marekani

Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Mei 1969. Wahakiki kadhaa walichoshwa nayo. Jarida la Time lilichapisha mwezi Juni uhakiki ambao hata kichwa chake kilitangaza uchovu. Roger Ebert wa Chicago Sun-Times aliona mazuri ndani yake lakini akalalamikia urefu wake. Watazamaji nao hawakujitokeza kwa wingi uliotarajiwa.

Maelezo mepesi ya jambo hili ni kwamba Wamarekani hawana subira na kwamba watu wa Ulaya wanaielewa sanaa zaidi. Maelezo hayo hayakubaliani na ushahidi. Filamu tatu za awali za Leone, alizomtumia Clint Eastwood, zilitolewa zote Marekani katika mwaka mmoja wa 1967, na zilipata watazamaji wengi. Ya tatu kati yake, "The Good, the Bad and the Ugly", ilikuwa na urefu wa takriban dakika 161 katika toleo la Marekani, na kilele chake ni pambano la watu watatu wanaotazamana kwa dakika kadhaa bila kufyatua risasi. Hadhira ileile iliyoikubali subira hiyo ndiyo iliyoikataa ya mwaka 1969. Hivyo basi, upole wa mwendo peke yake hauwezi kuwa sababu.

Tofauti inapaswa kutafutwa katika matarajio. Kwanza, filamu zile tatu zilikuwa na kejeli na mzaha, na kila kungoja kulilipwa upesi kwa kicheko au risasi. Filamu ya nne ina huzuni ya msiba, na malipo yake yamewekwa mwishoni. Pili, Eastwood hayumo; alipewa nafasi ya mwenye kinanda akaikataa. Waliokuja kutazama filamu nyingine ya aina ile hawakumwona waliyemzoea.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, Frank anaigizwa na Henry Fonda. Kwa Wamarekani, Fonda alikuwa sura ya uadilifu. Alikuwa amemwigiza Abraham Lincoln kijana katika filamu ya John Ford ya mwaka 1939, na mkulima maskini Tom Joad katika "The Grapes of Wrath" mwaka 1940. Fonda alisimulia kwamba aliwasili kazini akiwa amefuga masharubu na kuvaa lenzi za kahawia ili aonekane katili, naye Leone akamwamuru aviondoe vyote, kwani aliyahitaji macho yale ya buluu. Familia ya McBain inapouawa, kamera inamzunguka kiongozi wa wauaji kutoka nyuma hadi sura yake ijulikane, kisha mtu huyo anampiga risasi mtoto. Polepole ya kamera hapo ni ya makusudi. Inamlazimisha mtazamaji amtambue anayemheshimu kabla hajamwona akiua.

Isitoshe, baadhi ya picha zilipigwa Monument Valley, mahali ambapo Ford alipageuza kuwa kama madhabahu ya sinema ya kauboi. Mtaliano alikuwa ameingia madhabahuni na kusoma tanzia. Kwa hadhira iliyoziona sinema za kauboi kuwa sehemu ya kumbukumbu ya taifa lake, ilikuwa vigumu kusikia "hapo zamani za kale" kama ngano ya mtu mwingine.

Kazi ya Mkasi

Kampuni ya Paramount ilijaribu kuitibu filamu kwa kuifupisha. Toleo la kimataifa lilikuwa na takriban dakika 165; toleo lililosambazwa Marekani likabaki na dakika 145 hivi. Yafaa kuchunguza ni dakika zipi zilizotolewa, kwani hapo ndipo dhana ya mwendo inapopata mtihani wake.

Onyesho refu la stesheni halikuondolewa. Kilichoondolewa chote ni onyesho la duka la njiani, ambamo Jill McBain, anayeigizwa na Claudia Cardinale, anasimama akiwa safarini na ambamo jambazi Cheyenne na mwenye kinanda wanakutana kwa mara ya kwanza. Kiliondolewa pia kikao cha Frank na tajiri wa reli, Morton, wanapojadili la kumfanya Jill. Kifo cha Morton kilipunguzwa sana. Kifo cha Cheyenne, kilicho karibu na mwisho kabisa, kilikatwa chote.

Ni dhahiri kuwa mkasi haukuzikata sehemu za polepole. Ulikata viungo. Cheyenne akawa anatokea kwa mara ya kwanza nyumbani kwa McBain bila utangulizi, na mwishoni anaondoka bila mtazamaji kujua kuwa ana jeraha la kumuua. Lipo jambo jingine lenye kufundisha zaidi. Jeraha la mkononi la mwenye kinanda lilikuwa likionekana kwanza katika onyesho la duka. Onyesho hilo lilipotolewa, ilibidi toleo la Marekani lirudishiwe kipande ambacho Leone mwenyewe alikiacha, kinachomwonyesha mtu huyo akiinuka baada ya risasi za stesheni, ili watazamaji wasidhani kuwa amekufa. Hivyo, katika juhudi za kufupisha, sehemu iliyolaumiwa kwa urefu ikaongezewa urefu.

Ufupisho huo haukuiokoa filamu. Sababu yake inaeleweka kwa mujibu wa hoja iliyotangulia. Mtazamaji hungoja kwa moyo mkunjufu iwapo anajua anangoja nini na kwa ajili ya nani. Kumwondolea maelezo hayo na kumwachia kungoja ni kumdhulumu mara mbili. Toleo la dakika 145 lilikuwa fupi kwa saa, lakini lingeweza kuwa refu zaidi kwa mtazamaji asiyejua amefikaje alipofika.

Ufaransa na Ujerumani Magharibi

Katika majira ya kiangazi ya 1969 filamu ilifika Ufaransa na Ujerumani Magharibi. Kwa jumla ya maonyesho ya mwanzo na ya baadaye, Ufaransa iliuza takriban tiketi milioni 14.8, na Ujerumani takriban milioni 13. Idadi kama hizi haziwezi kuelezwa kwa kuwataja wasomi na wapenzi wa sanaa pekee. Ni watu wa kawaida, wake kwa waume, waliokaa karibu saa tatu wakitazama nzi, matone na macho.

Hadhira hizo zilikuwa na mazingira tofauti. Kwao Marekani ya kauboi ilikuwa nchi ya ngano tangu awali. Hapakuwa na babu wa mtu aliyekuwa akitukanwa. Filamu za Leone zilikuwa zikifika kwao moja baada ya nyingine tangu katikati ya miaka ya 1960, kwa hiyo walimfuata hatua kwa hatua alivyokuwa akiurefusha mwendo wake.

Mfano wa Ujerumani una jambo la ziada. Huko filamu ilipewa jina "Spiel mir das Lied vom Tod", yaani "Nipigie Wimbo wa Mauti", na katika sauti za Kijerumani maneno hayo yakatiwa kinywani mwa Frank katika kumbukumbu ya mwisho. Mwadilifu wa tafsiri aweza kulalamika kuwa Frank hasemi hivyo katika Kiingereza. Hata hivyo, kwa upande wa upokezi, watafsiri waliandika mkataba mpya uliokuwa wazi zaidi kuliko wa awali. Waliiambia hadhira mambo mawili tangu mlangoni: kwamba hapa pana wimbo wa kusikilizwa, na kwamba wimbo huo una mauti mwishoni. Aliyekwisha kuambiwa hivyo hawezi kukiona kinanda kuwa kipingamizi cha hatua. Jina likawa limefanya kazi ambayo dakika 20 zilizokatwa Marekani hazikuweza kuifanya.

Mwaka 1984

Historia ya upokezi huu ina sura ya mwisho yenye kinaya. Mwaka 1984 filamu ilirudishwa katika majumba ya sinema ya Marekani ikiwa na urefu wa takriban dakika 165. Hadhira ilikuwa imebadilika, na sifa ya filamu ikaendelea kupanda, hata mwaka 2009 ikateuliwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Upeo wa matarajio ulikuwa umesogea, kama Jauss alivyoeleza.

Lakini katika mwaka huohuo wa 1984, Leone alitoa filamu yake ya mwisho, "Once Upon a Time in America". Katika tamasha la Cannes ilionyeshwa ikiwa na dakika 229. Kwa soko la Marekani msambazaji aliikata hadi dakika 139 na kuyapanga matukio yake kwa mfululizo wa tarehe, ilhali Leone aliyasuka kwa kumbukumbu zinazoingiliana. Toleo hilo nalo lilishindwa. Kosa la 1969 lilikuwa likisahihishwa kwa filamu moja na kutendwa upya kwa nyingine. Leone alifariki mwaka 1989 bila kukamilisha filamu nyingine.

Hitimisho

Kutokana na ushahidi uliojadiliwa, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, hadhira haikatai upole wa mwendo kwa sababu ni upole. Hukataa kungoja ambako haikualikwa. Pili, hukumu ya hadhira ya kwanza ni ushahidi wa thamani kuhusu hadhira hiyo, lakini si neno la mwisho kuhusu kazi. Tatu, mkasi wa mhariri hauna uwezo wa kutibu tofauti ya matarajio. Hiyo hutibiwa kwa jina, kwa dibaji, kwa mafunzo, au kwa kupita kwa miaka.

Funzo hili linaihusu fasihi ya Kiswahili moja kwa moja. Tendi zetu za kale hufika darasani mara nyingi zikiwa vipande: dibaji imeondolewa, marudio yamepunguzwa, na vita vimeachwa kwa kuwa ndivyo vinavyodhaniwa kumvutia mwanafunzi. Kisha mwanafunzi huulizwa mbona havutiwi. Kabla ya kuitangaza kazi kuwa inakokota, mhakiki hana budi kuuliza ni mkataba gani uliowekwa mwanzoni, ni nani aliyekuwa akijua masharti yake, na ni nani aliyeyafuta.